Mutoto Aambiwe Anakopelekwa

Tarehe tisa, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla jogoo hawajawika na haijakoma. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nyumba ya jirani siioni, na nguo nilizofua jana nimezianika ndani, zimeshika moshi. Siku ya namna hii mutu hawezi kulima. Basi ninaandika.

Sijui kama ninaandika vizuri. Kwa Mapadri nilisoma miaka mitatu tu, kisha baba akasema inatosha, musichana akijua kusoma jina lake na kuhesabu mbuzi, kinachobaki ni maringo. Kuna mambo nitayaandika hapa na kesho nitajiuliza kama njo yalivyokuwa. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Lakini kuna jambo moja ambalo sitaki mutu anisahihishe, na njo hilo limenifanya nichukue kalamu.

Mujukuu wangu Riziki alifika jana jioni kutoka Goma. Yeye iko yaya kwa wageni, bwana na bibi, na watoto wawili wadogo. Wazazi wale wako wanabishana wapeleke watoto masomo gani, ni kusema shule gani. Kuna moja ya Kifaransa, kuna moja ya Kingereza ya inchi ingine ambako mutoto analala kulekule, na kuna kurudi kwao. Wamechagua ile ya kulala. Na wamemwambia Riziki watoto wasijue mpaka siku yenyewe.

Nikamuuliza, "Na batoto bakikuuliza?"

"Koko, mimi iko yaya. Mambo ya masomo ni ya bazazi. Nitasema sijui."

"Na unajua?"

"Ninajua."

"Basi utasema uongo."

"Koko, hauelewi kazi ya siku hizi."

Hilo nililiacha, kwa sababu inawezekana sielewi. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikasema: hapana. Kazi hiyo niliifanya kabla yeye hajazaliwa, na hilo jambo ninalielewa. Basi ninyi mabinti wote munaolea watoto wa wageni, Riziki wa kwanza, mukae musikie. Mukitaka kukasirika, mukasirike.

Mimi nilikuwa yaya upande wa Karuba, kwenye shamba la pareto na ng'ombe, miaka ile baada ya vita ya Wazungu. Bwana wa shamba alikuwa Mubelgiji. Tulimwita Musiu mbele yake, na nyuma yake tulimwita Tembea-Tembea, kwa sababu akikasirika hawezi kusimama pahali pamoja: anazunguka nyumba, anazunguka zizi, anarudi, bado anasema. Bibi yake, Madamu, alizaliwa na kukulia Kenya kwa Waingereza. Walikuwa na mutoto mumoja tu, musichana, jina lake Rita. Nilimupokea akiwa na miezi minne. Nilimubeba mugongoni kwa kikwembe changu kama nilivyowabeba wangu, na Madamu hakukataa, ingawa rafiki zake walimucheka. Ninamupa haki yake katika hilo.

Kazi hii sikuijua kwa kuzaliwa nayo. Kulea mutoto wako ni kitu kimoja, kulea mutoto ambaye unaweza kunyang'anywa kesho ni kingine. Aliyenifundisha ni Mama Adela, mwanamuke wa Walikale, wa porini kabisa, ambaye alikuwa amelea watoto wa Wazungu kule wanakochimba madini ya kasiterite. Alikuja Karuba kumufuata bwana yake wa ndoa, akakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa mufupi, mwenye sauti ya mwanaume, na mukono wake ulikuwa mwepesi ajabu.

Yeye njo alinionyesha kutoa funza. Munafanya vibaya mukitumia sindano. Sindano inapita haraka, inatoboa mufuko wa mayai, na nusu inabaki ndani. Chukua mwiba wa mulimau. Anza kando ya ngozi, usianze juu. Zunguka polepole kama unafungua mufuniko, mpaka ule mufuko utoke muzima, mweupe kama punje ya muchele. Kisha tia mafuta ya mawese yenye moto kidogo. Na wakati huo wote, alisema Mama Adela, musemeshe mutoto. Usimwambie haitauma. Mwambie, "Sasa itauma. Sasa imekwisha."

"Kwa nini nimwambie itauma?" nilimuuliza.

"Kwa sababu kesho utarudi na mwiba tena. Ukimudanganya leo, kesho utamukimbiza shamba zima."

Nilicheka. Lakini nilifanya hivyo, na Rita alikuwa ananyoosha muguu mwenyewe.

Mama Adela alikuwa na hadithi moja ambayo aliirudia mara nyingi, na kila mara ilikuwa sawasawa, kwa hiyo ninaiamini. Kule machimboni, wazazi walikuwa wanatuma watoto wao masomo ya mbali, ya kulala. Kamio, gari ya mizigo, inakuja asubuhi. Mutoto anaambiwa, twende tukaone viboko ziwani. Anavaa kofia, anafurahi, anapanda. Anashushwa kwenye nyumba yenye madirisha mengi, anapewa biskuti, akigeuka kamio haiko. Mumoja wa watoto aliowalea alirudi likizo akiwa mutoto mwingine. Akisikia injini anajificha nyuma ya kuni. Hata gari inayoenda misa, haingii. Na kila kitu alikuwa anakiuliza mara mbili. "Adela, hii ni chai kweli?" "Ni chai." "Kweli?"

"Kwetu porini," Mama Adela alisema, "vijana wanapelekwa kutahiriwa. Yale ya kule ndani ni siri, hakuna mwanamuke anayajua, wala mimi siyajui. Lakini kwenda siyo siri. Kijana anaambiwa: utaenda. Mama yake analia mbele yake. Sasa hawa Wazungu, mambo ya ndani wanayaandika hata kwenye karatasi, lakini kwenda njo wanakuficha."

Basi. Rita alipofikisha miaka sita kwenda saba, ikawa zamu yetu.

Wazazi walibishana kwenye barza karibu majira yote ya mvua. Kulikuwa na masomo matatu. La kwanza, kwa Masista kando ya ziwa, Kifaransa, mwendo wa gari kutoka asubuhi mpaka saa ya kula. La pili, masomo ya serikali kule Bukavu, ambayo Musiu aliyapenda kwa sababu hayana Masista. La tatu, masomo ya Kenya ambako Madamu mwenyewe alisomea, Kingereza, mbali sana, inchi mbili kuvuka. Wageni walikuwa wanakuja na kila mumoja na lake. Mumoja alisema Bukavu watoto wanakuwa wakorofi. Mwingine alisema kwa Masista wanakula vibaya. Mwingine alisema Kingereza hakimufai mutoto wa Mubelgiji, na Madamu akaondoka mezani.

Papa Zakaria, mupishi, alikuwa ananiletea habari jikoni kama redio. "Leo Masista wanashinda," alisema. Kesho yake: "Leo Bukavu imeamuka."

"Na Kenya?"

"Kenya imegonjwa, lakini bado inapumua."

Mimi pia nilikuwa na upande wangu, na sitajifanya nilikuwa bila upande. Nilitaka Masista. Siyo kwa sababu ya Kifaransa ao sala. Kule karibu ningemuona Pasaka, ningemuona Noeli. Nilikuwa ninajitafutia faida yangu, na nilimwomba Mungu kama mutu anayeomba kitu cha mutoto.

Masista wakashinda kweli. Madamu aliniita chumbani, akafunga mulango. Alisema kwa Kiswahili chake cha Kenya kwamba tutaondoka siku ya tatu, mimi pia ndani ya gari kwa sababu Rita anatapika njiani, na mutoto asiambiwe. Ataambiwa tunaenda kuona ziwa na kula keki. Akishaanza kucheza na wasichana wengine, sisi tutaondoka polepole.

Nilifikiri, wewe ni nani, Vero, wewe wa miaka mitatu ya masomo. Lakini nilifikiri pia yule mutoto wa chai kweli.

Nikasema, "Madamu, mimi sitamutafuta nimwambie. Lakini akiniuliza, nitamujibu."

"Hatakuuliza."

"Akiniuliza."

Aliniangalia. "Vero, hii si kazi yako."

"Ndiyo, Madamu. Lakini mimi njo anayeniuliza vitu."

Ninaandika hivi ili mujue kwamba sikufanya kwa kujificha. Nilimwambia usoni, kabla. Kama munataka kukataa jambo katika nyumba ya mutu, mukatae mbele yake, mukiwa mumesimama. Kukataa kwa kimya jikoni ni masengenyo tu.

Na mutoto akauliza. Angekosaje? Masista walitaka kila nguo iwe na namba yake: soksi, shimizi, taulo, kila kitu. Nilikuwa ninashona namba siku mbili. Kwa soksi, mabinti, usishone juu kwenye mupira, itakatika kwa kuvuta. Shona kwenye wayo, kwa uzi wa rangi yake. Rita alikuja akakaa kwenye sanduku, akachukua soksi moja, akaigeuza.

"Vero, hii namba ni ya nini?"

"Ni namba yako."

"Ya nini?"

"Ya masomo. Utaenda kusoma kwa Masista, kando ya ziwa. Utalala kule. Utarudi Noeli."

Hakulia palepale. Alikunja ile soksi. Akaniuliza kama mimi nitalala kule. Nikasema hapana. Akauliza kama mbwa yake. Nikasema hapana. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Nani atanichana?"

Nywele zake zilifika kiunoni, laini, rangi ya majani makavu, na kila asubuhi zilikuwa zimefungana kama matete baada ya mafuriko. Mimi nilikuwa ninazifungua kwa mafuta na vidole, robo ya asubuhi inapita. Nikamwambia atajichana mwenyewe. Akachukua kitana, akajaribu, kikakwama pale pale sikioni. Akajaribu tena. Sasa njo alianza kulia. Hakulilia masomo, wala mama yake. Alilia kwa sababu ya kitana.

Sasa musikie. Kwetu mutoto akianza masomo, ananyolewa. Hata musichana. Kichwa kinanyolewa siku moja mbele ya kuanza, kinapakwa mafuta mpaka kinang'aa, na siku yenyewe mama yake anamusindikiza njiani ili watu waone. Mutoto akifika darasani na nywele, mwalimu anamurudisha nyumbani. Kichwa kilichonyolewa kwetu ni heshima, maana yake mutoto huyu ana watu, na watu wake wamemutayarisha. Mwaka mumoja mbele ya hapo, Furaha, binti wa Papa Zakaria, alinyolewa nyuma ya jiko, na Rita alikuwa amekaa pale anaangalia kwa wivu.

"Nikunyoe?" nilimuuliza.

Akapanguza macho. "Kama Furaha?"

"Kama Furaha."

"Njo nitakuwa mwanafunzi?"

"Njo utakuwa."

Nilichukua makasi, kisha wembe. Nilifanya polepole, vizuri, bila tone la damu. Madamu alikuwa ameenda kwa jirani. Nilipomaliza nilimupaka mafuta, nikamushikisha kioo, na mutoto akacheka, akapitisha mikono kichwani mbele na nyuma. Papa Zakaria akatoa kichwa dirishani.

Akaangalia nywele chini. Akaangalia mutoto. Akasema polepole, "Dada Vero. Umenyoa Ulaya."

"Anaenda masomo."

"Ninaona anaenda. Na sisi tunaenda wapi?"

Hapo tu njo nilianza kuona kitu nilichofanya. Mpaka leo watu wananiambia, ulikosa. Ndiyo. Desturi yao sikuijua, na nywele ya musichana wao siyo kitu cha kukata bila kuuliza mama yake. Kama mutu angemunyoa wangu hivyo, ningemufuata na muchi. Madamu alilia sana, alizikusanya zile nywele kwenye karatasi, na nilimuhurumia. Nilimwomba msamaha wa nywele siku ileile. Lakini Musiu alitaka msamaha mwingine.

Maana Rita alikimbia kumupokea mlangoni, kichwa kinang'aa, akamwambia, "Papa, ninaenda kulala kwa Masista, na nimekwisha kuwa mwanafunzi."

Musiu alizunguka nyumba mara sijui ngapi. Aliporudi barzani aliniita, na akamuweka mutoto mbele yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru ng'ombe.

"Sema mutoto: Vero naongopa. Hapana masomo. Kesho ziwa tu."

"Musiu, siwezi."

"Hapana siwezi. Hapana taka."

"Ndiyo, Musiu. Sitaki."

Papa Zakaria alikuwa nyuma ya mulango na sahani, anasikia yote. Musiu akasema basi nichukue vitu vyangu. Nikasema vitu vyangu viko vichache, nitavichukua, lakini sitasema mbele ya mutoto huyu kwamba nimemudanganya wakati sijamudanganya. Kama anataka aambiwe hakuna masomo, baba yake amwambie, kwa mudomo wake.

Alimuangalia mutoto. Mutoto alimuangalia. Ninataka niwe wa haki kwake: mudomo alifungua, na uongo haukutoka. Aliondoka kuzunguka zizi.

Madamu njo alisema, "Atakwenda na sisi kesho. Nani atamushika akitapika?"

Kwa hiyo kazi yangu iliokolewa na matapishi. Sikuokolewa na haki, musidanganyike. Njia ya kutoka Mushaki kushuka Sake ina kona nyingi, na Rita hakuwahi kuipita tumbo likiwa zima. Dawa yake ni kiazi kitamu cha kuchoma, kilichopoa, kidogo kidogo, na mutoto akae mbele aone njia. Usimupe maziwa kamwe.

Walimuvalisha kofia ya kitambaa, wakaifunga chini ya kidevu. Kule kwa Masista, Sista mukubwa alitupokea kwenye ukumbi wenye baridi, mwanamuke mwembamba, mwenye uso mwema. Akainama, akamuuliza Rita kwa Kifaransa kama amekuja kuona ziwa. Ilionekana yeye na wazazi walikuwa wamepatana.

Rita akamujibu kwa Kiswahili, wazi, "Hapana. Nimekuja kulala hapa. Vero aliniambia." Na akavua kofia ili aonyeshe.

Sista alirudi hatua moja. Aliuliza kama ni mba. Madamu akasema siyo ugonjwa, akanionyesha mimi kwa kidole. Sista akapitisha kidole pale kichwani, akaangalia vizuri, akasema kwamba anaamini, lakini sheria ya nyumba ni sheria: wasichana wanalala kitanda kwa kitanda, mba ikiingia inachukua chumba kizima, na kichwa kilichonyolewa hakiingii mpaka nywele ziote na ngozi ionekane safi. Warudi muhula unaofuata. Sikumulaumu. Mimi pia ningefanya hivyo. Kwetu wanarudisha wenye nywele, kwao wanarudisha wasio nazo.

Kurudi, tulipanda mpaka juu ya Sake. Rita akaanza kugeuka rangi, tukasimama. Musiu alibaki ndani ya gari. Madamu alishuka, akamushika mutoto paji la uso kabla mimi sijafika, akamushikilia mpaka mwisho. Kisha Rita akaenda kuokota mawe, na Madamu akabaki amesimama pembeni yangu na kitambaa chenye matapishi mukononi.

Akasema, bila kuniangalia, "Mimi nilikuwa na miaka saba. Niliambiwa tunaenda kuona bahari."

Nikamuuliza, "Na ulipona?"

Alifikiri sana. Akasema, "Sipendi bahari."

Akanipa kile kitambaa nikifue, akapanda gari.

Nywele haziharakishwi. Miezi ile ya kungoja njo iligeuza mambo, na sisemi ni mimi niliyegeuza. Mimi nilinyoa tu. Lakini kwa kuwa mutoto alikuwa amekwisha kujua, hakukuwa na kitu cha kuficha tena, na walianza kusema mbele yake. Musiu alimupeleka Bukavu kwa mashua ya ziwani, akamuonyesha masomo ya serikali, bustani, vitanda, kila kitu kizuri. Sista alituma picha za wasichana wakiimba. Na Madamu, jioni, alikuwa anakaa na Rita barzani anamusimulia Kenya. Nilikuwa ninasikia nikiwa ninakunja nguo. Alimwambia maji ya kuoga ni baridi. Alimwambia uji wao unashikana kama udongo wa kufinyanga. Alimwambia alilia mwezi muzima, na kisha siku moja alijikuta anacheka na hakujua ni lini aliacha kulia. Alimwambia ni mbali, atarudi mara moja kwa mwaka.

Kisha wakamuuliza yeye. Wakati ule, ninyi mujue, hakuna aliyekuwa anauliza mutoto. Papa Zakaria alisema wamechoka kubishana, ni hivyo tu. Inawezekana.

Rita akasema, "Ya Mama."

"Kwa nini?" Musiu aliuliza. "Kule mbali, chakula mbaya."

"Ile njo ninajua ubaya yake. Ingine bananiambia bizuri tu."

Musiu akanigeukia mimi. Sijui kama alikuwa ananidhihaki ao alikuwa anataka musaada. Nimejiuliza mara nyingi. Alisema, "Sasa wewe, wa kweli, sema yeye."

Mabinti, hapo njo kazi ilinifikia mufupani. Nilitaka kusema: usiende Kenya. Nilikuwa na maneno yote tayari. Ningemwambia kule kuna simba, kuna homa, watoto wa kule ni wabaya. Angeniamini. Alikuwa anaamini kila neno langu, na nilikuwa nimemufanya aniamini hivyo tangu siku ya kwanza ya mwiba. Neno moja tu, na angeenda kwa Masista, na ningemuona Noeli.

Nilimwambia, "Ni mbali. Mimi sitakuona muda murefu, na nitalia. Hiyo ni kweli. Lakini hiyo ni ya kwangu, siyo ya kwako. Usichague kwa sababu yake."

Akauliza, "Utalia mwezi muzima?"

"Sijui. Sijawahi."

Akaenda Kenya, nywele zake fupi, zimesimama kama brosi. Safari hii hakuna aliyemuficha kitu: alifunga sanduku mwenyewe, akashona namba mbili yeye mwenyewe, vibaya, kwenye mupira wa soksi, na sikuzishonoa. Mama yake alilia mbele yake. Mimi pia. Musiu alizunguka gari. Rita alipanda, akakaa mbele, akaomba kiazi.

Na nyumba isiyo na mutoto haina kazi ya yaya. Mwisho wa mwezi Musiu aliniambia hivyo, kwa adabu, ninakubali. Nilirudi kwenye shamba letu. Likizo ya kwanza alipokuja, walituma niitwe, nikakuta musichana murefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kukwama. Aliniambia uji ni mubaya kweli, na ana rafiki. Likizo zingine sikuitwa kila mara. Kisha miaka ikapita, wakauza shamba, wakaondoka wote. Kama alisoma vizuri kule, sijui. Kama Masista wangekuwa bora, pengine. Bado ninafikiri wangekuwa bora, na bado inawezekana ninafikiri hivyo kwa sababu ya Noeli.

Lakini ile ingine sina shaka nayo. Mukiniita kichwa ngumu, muniite. Mukisema ni mambo ya zamani, museme. Kuchagua masomo ni kazi ya wazazi, Kifaransa, Kingereza, bei, dini, wabishane wao. Kumwambia mutoto anapelekwa wapi, akikuuliza wewe, ni kazi ya yule anayeulizwa. Hakuna Musiu, hakuna Madamu, hakuna wa siku hizi mwenye gari nyeupe, anayeweza kukuondolea kazi hiyo. Anaweza kukuondoa kwenye nyumba yake. Mimi niliondoka, na ningeondoka tena kesho.

Nimemusomea Riziki haya yote jioni hii, akiwa anamenya birayi, viazi vyetu vya huku. Hakukata maneno yangu hata mara moja, na yeye anapenda kukata. Nilipomaliza aliendelea kumenya.

"Koko, na bakinifukuza?"

"Utakula hapa."

"Miezi mingapi?"

"Sijui. Sikudanganyi. Lakini utakula hapa."

Alitia birayi ndani ya maji, akafunika chungu. Akasema gari ya Goma inapita asubuhi, na mukubwa wa wale watoto ni mujanja, atauliza tu.

Tumekula birayi na maharagi yaliyochemka tangu asubuhi, mboga ya lengalenga ya nyuma ya nyumba, na kikombe cha mashanza, maziwa ya kuganda, kila mutu. Maharagi yalibaki. Nimeyafunika.